Siku moja Rantoul, Illinois, Marekani: mahindi, nguruwe na ugali

Saa 10:15 alfajiri. Kabla ya chai, mikono. Naiweka chini ya bomba la maji ya moto na kufungua kidole kimoja kimoja, maana usiku imejikunja kana kwamba bado imeshika kisu. Mwaka wa tatu huu, nimezoea.

Saa 10:50. Gari moja, watu watano. Dereva ni wa Kinshasa, anatusalimia kwa Kilingala. Nyuma wamekaa vijana wawili wa Guatemala wakinong'onezana Kiq'anjob'al, lugha yao ya Kimaya. Mwanzoni nilidhani ni Kihispania, nikajiona mjuaji kweli kuwaambia "buenos días".

Saa 11:30. Kiwanda cha nguruwe. Ndani ni baridi, japo nje ni Julai. Kofia ngumu, vizibo vya masikio, glavu ya chuma mkono wa kushoto. Mimi natoa mfupa wa bega. Nyama inakuja kwenye mkanda, haikusubiri wala haikuombi radhi. Kazi yenyewe iko kwenye makali: kisu kikiwa butu, unasukuma kwa bega lako, na jioni bega litakudai. Mzee mmoja wa Mexico ndiye aliyenifundisha kunoa, bila neno hata moja. Alinishika kiwiko tu, akakishusha.

Saa 3:00 asubuhi. Mapumziko. Kiingereza chetu cha mezani kina maneno kama thelathini, na yanatosha kucheka.

Saa 8:30 mchana. Natoka. Kisheria Rantoul ni kijiji, ingawa kina watu zaidi ya 12,000 na treni ya Chicago inasimama hapa. Mama yangu kule Uvira, Kongo, haamini. Kijiji kilikulia ubavuni mwa kambi ya jeshi la anga ya Chanute, iliyoanza 1917 na kufungwa 1993. Wanajeshi walipoondoka, nyumba zikabaki, na ninayopanga ni mojawapo. Jirani yangu, mzee Mmarekani Mweusi, hachoki kuniambia kwamba kikosi cha kwanza cha Weusi katika jeshi la anga, kile cha Tuskegee, kiliundwa hapahapa Machi 1941. "Kwa hiyo hukuwa wa kwanza kufika, mwanangu," huniambia.

Saa 9:15. Duka la Wameksiko. Hapo napata mihogo, ndizi za kupika na unga mweupe. Unga ndio unaonichekesha. Mahindi yamezunguka kijiji pande zote hadi macho yanachoka, lakini ni ya manjano: ya kulisha mifugo na kutengeneza mafuta ya magari. Mengine ni ya mbegu, na wiki hizi vibarua waliotoka Texas wamo mashambani wanang'oa mbelewele juani. Sisi wengine tunakutana na mahindi mwishoni, yakishakuwa nguruwe.

Saa 10:00 jioni. Mama watoto anaingia zamu yake kwenye nyumba ya wazee. Tunapishana mlangoni: yeye ananipa mtoto, mimi nampa ufunguo.

Saa 12:30. Natuma pesa Uvira, kisha nabandika maji. Unga unaanza kukaza na mwiko unanikwama mkononi. Binti yangu ana miaka kumi na moja. Ananitazama kidogo, anavuta kigoda.

"Papa, lete."