Soksi Ninazofuma Mwenyewe
Tangu nilipoamua kupunguza ununuzi wa nguo mpya, hata zile za bei nafuu pale Soko la Majengo, jioni zangu hapa Dodoma nimekuwa nikizitumia kufuma soksi, kwani miezi ya Juni na Julai upepo wa usiku huwa mkali na miguu hupata baridi kwelikweli. Kazi ninayoipenda zaidi ni kisigino: nusu ya vitanzi husubiri kwenye sindano, huku nusu nyingine ikifumwa kwenda na kurudi mpaka kitokee kifuko kinachoushika mguu barabara. Huchagua uzi wa sufu wenye nailoni kidogo, maana sufu tupu huchakaa upesi. Soksi ikitoboka, naziba tundu kwa uzi uliobaki, nami naendelea kuivaa.