Chini ya Mbawa za Baba

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii sala zimekuwa nzito kwangu. Katika jumuiya yetu hapa Bagamoyo, mama mmoja aliomba tumchangie sare na madaftari ya watoto. Baba yao yu hai, ana kazi, na Jumapili hukaa viti vya mbele, shati limenyooka. Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo.

Mnaujua oleanda, ule mti wa maua mekundu na meupe unaopandwa uani. Huvumilia jua na ukame, na huchanua kwa kupendeza. Lakini una sumu tangu jani hadi mzizi, hata moshi wake ukichomwa hudhuru, na sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo. Uzuri wa namna hiyo tunao hata kanisani. Someni Mithali 4:23 juu ya kulinda moyo, inatosha.

Kinachonisukuma kuandika ni ndege. Kwenye mabwawa yenye yungiyungi yupo ndege aitwaye jakana, wa rangi ya kahawia, mwenye kipaji cha buluu, anayetembea juu ya majani yanayoelea. Vidole vyake ni virefu mno, uzito husambaa, hazami. Jike hutaga, mara nyingi mayai manne, kisha huondoka, na huweza kwenda kumtagia dume mwingine. Anayeatamia ni dume. Vifaranga wakishaanguliwa, hatari ikitokea, huwabana chini ya mbawa zake akatembea nao, vimiguu vinaning'inia nje. Nikaikumbuka Zaburi ya 91: "Kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio."

Sasa akina baba, mniwie radhi, lazima niseme. Nimechoka kusikia "mama yao alinikosea" na "ameshaolewa kwingine". Mwenzake yule ndege naye kashaondoka, lakini mayai hayapoi! Mtoto amekukosea nini? Mtume Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Ameikana, ndugu yangu, hata kama hakosi misa.

Na sisi wa Bagamoyo tutajibu nini? Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, waliwalea watoto waliokombolewa utumwani, watoto ambao hawakuwazaa. Mtakatifu Yosefu naye hakuna neno lake hata moja lililoandikwa katika Injili, ila tunajua aliamka usiku akamchukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri.

Baba unayesoma haya, mpigie simu mwanao leo, kabla ya kulala. Usianze na kesi ya mama yake. Muulize amekula nini, na anadaiwa nini shuleni. Kisha tuma ulicho nacho, hata kama ni kidogo, na mwezi ujao utume tena.