Ukija Dar usiniulize ule wapi, niambie unaenda saa ngapi

Ndugu na marafiki wakija Dar swali lao la kwanza ni hilo, eti tukale wapi? Na mimi kila mara nauliza, unataka kwenda saa ngapi? Maana chakula cha huu mji kina saa zake, ukikosea mda utakula kitu kile kile, sehemu ile ile, alafu urudi kwenu useme Dar hawajui kupika, na hiyo kauli inaniuma kweli.

Tuanze na supu. Supu ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, basi. Mwaka jana mdogo wangu alikuja kutoka Tabora nikampeleka sehemu moja tukafika saa nne na nusu, sufuria ilishaongezwa maji, nyama ipo ila ule uzito hamna, unasikia ndimu tu. Dogo hakusema kitu, akala chapati yake akanyamaza. Kesho yake nikamwamsha kumi na moja na nusu, giza bado, twende. Tukakuta sufuria ndo inafunuliwa, kongoro limelainika mpaka linaachia mfupa lenyewe, mchuzi unanata kwenye midomo, tukakamulia ndimu na pilipili mbuzi kidogo, chapati imetoka kwenye chuma saa hiyo hiyo. Aliomba aongezewe mchuzi mara mbili.

Asubuhi nyingine ipe Feri. Panda mwendokasi mpaka mwisho, Kivukoni, soko la samaki liko pale pale karibu na pantoni la Kigamboni. Wengi wanafika wananunua samaki aliyekaangwa tayari na hapo ndo wanapokosea, maana wale wengi wanakaangwa wakauke kabisa ili wamama wakawauze mtaani mpaka jioni bila kuharibika, kwahiyo lazima awe mgumu. Wewe nunua mbichi, changu au hata kibua kama hela ndogo, angalia jicho limejaa linang'aa na mashavu ndani yawe mekundu, mpe kijana akupaie magamba na kumchanja, alafu peleka kwa wakaangaji useme "usimkaushe, nakula hapa hapa". Sentensi hiyo moja inabadilisha kila kitu. Nje anakuwa mkavu, ndani nyama bado nyeupe inatoa maji yake, unakula kwa mikono.

Mchana ni mama ntilie, na uwahi saa sita na nusu, ukifika saa nane unapakuliwa kilichobaki. Mimi naangalia vitu viwili: maji ya kunawa yawe ya bomba kwenye ndoo pamoja na sabuni, na mchuzi uwe bado uko jikoni juu ya mkaa sio umepoa kwenye beseni. Wali maharage na mchicha wa nazi kwa buku mbili au tatu, jamani, hotelini hupati kitu kama hicho kwa bei yoyote.

Jioni sasa, mida ya saa kumi na moja, Kisutu pale K-T Shop. Chai ya maziwa, mishkaki, kachori, kababu ya yai, kaa taratibu na watu wa mjini wanaotoka kazini. Alafu giza likiingia tembea mpaka Mamboz, kona ya Morogoro Road na Mtaa wa Libya. Meza zinatandikwa mpaka nje barabarani, moshi wa mkaa unakupokea kabla hujafika, agiza kuku na naani ya moto. Usiende umeshiba, na mwende wengi ili muagize vitu tofauti mchanganye.

Coco Beach ni Jumapili jioni, mihogo ya kukaanga na mishkaki huku upepo unapiga. Mihogo chagua kwa anayetoa kwenye karai mbele yako, iliyokaa inakuwa kama kuni.

Ila mimi moyo wangu uko kwa pweza. Saa mbili usiku Magomeni, Manzese, Kariakoo, utaona meza ndogo ina taa, pweza mwekundu amekunjamana kwenye sinia na sufuria ya supu pembeni. Unamwonyesha mkono unaoutaka, kijana anaukatakata haraka haraka vipande vidogo, unachoma na kijiti unachovya kwenye pilipili ya ukwaju. Akiwa amechemshwa vizuri anakatika kwa meno ya mbele tu, ukiona unatafuna mpaka taya linauma ujue alitolewa mapema. Supu wanakupa kwenye kikombe, ya zambarau hivi, ina chumvi ya bahari yenyewe. Usinywe kimoja ukaondoka. Subiri watu wapungue, omba cha pili, akoroge kwanza ateke kule chini.