Jozani alfajiri, kwenye kinyesi cha kima punju

Kutoka Mjini Unguja hadi msitu wa Jozani ni kama kilomita 35, lakini kwa kazi hii, kutafuta mnyoo mjeledi kwenye kinyesi cha kima, daladala ya kwanza huwa imeshachelewa. Kima punju, kima wekundu wa Unguja, hunya wanapoamka, kabla ya kuanza kula, na kinyesi kinatakiwa kibichi. Tulikodi gari tukafika Pete kungali giza. Njia ya watalii tuliiacha tukashika ya mashambani, kwa kundi linalolala kwenye miembe na mikungu ya wenyeji. Huko kima na wakulima hukanyaga udongo mmoja, na ndiyo maana jina la mnyoo, kama ni wa binadamu au wa kima, lina uzito.

Udongo wa Jozani ni wa majimaji, umejaa viminyoo visivyo vimelea ambavyo huingia kinyesini upesi na kumpoteza mpimaji. Kwa hiyo tulichota sehemu ya ndani tu, kijiko kipya kwa kila donge, tukaigawa hapo hapo: fomalini ya asilimia 10 kwa ajili ya darubini, ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Kutia yote kwenye fomalini ni kuitupa safari, maana fomalini huiharibu DNA.

Maabara mjini: gramu 2 za kinyesi, maji yaliyoshiba chumvi, chujio la chai, mrija ujae hadi maji yavimbe mdomoni, kioo chembamba juu yake, dakika 15 ili mayai yaelee hadi kiooni. Ukipitiliza, chumvi huganda na mayai hubonyea.

Yai la mnyoo mjeledi hutambulika upesi: hudhurungi, kama pipa, kizibo angavu kila ncha, maikromita 50 hivi kwa urefu. Wengi hapo huandika *Trichuris trichiura*, mnyoo wa binadamu. Ni haraka mbaya. Vipimo vya mayai ya spishi mbalimbali za mnyoo mjeledi huingiliana, na mnyoo wa mbega ulishatengwa mwaka 2014 kuwa spishi yake, *Trichuris colobae*.

Minyoo madume iliyokomaa husaidia zaidi, kwa urefu wa spikula (kijiti cha kujamiiana) na miiba ya ala yake. Hupatikana ndani ya kima aliyekufa kwa kugongwa na gari, na kwa kibali. Kichwa chembamba kimejishona kwenye ukuta wa utumbo. Ukivuta kinakatika, hivyo loweka kwenye maji ya chumvi kidogo kisha chokonoa taratibu kwa sindano. Hata hapo, neno la mwisho ni la DNA: ITS2 pamoja na cox1, vipande viwili vya DNA vinavyotumika kutenganisha spishi, vyote viwili.

Majibu yake yakisubiriwa, kwenye lebo tuliandika *Trichuris* sp. (yaani spishi bado haijajulikana), kima punju, Jozani.