Siku moja na boti ya wageni, Kibirizi mpaka Gombe

Saa 11 alfajiri nishafika Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika. Giza bado, dagaa ndo wanashushwa, akina mama wanapatana bei kwa kelele na mi napita katikati yao na madumu ya petroli. Naendesha boti ya kukodi, abiria wangu wengi ni wageni wa kwenda kuona sokwe kwenye hifadhi ya Gombe. Watu wanasemaga utalii ni mambo ya Arusha, mahoteli makubwa huko. Njooni hapa alfajiri muone.

Saa 12 kijana wa petroli kashapata chake, mama wa chapati kafungiwa hesabu, bajaji iliyowaleta wageni toka gesti imelipwa, na mpishi wao samaki aina ya kuhe na nyanya kanunua sokoni jana. Hapo sokwe hata mmoja hajaonekana. Kijana wangu wa boti ni mvuvi, mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti hakuwa na pa kushika, na hiyo miezi ndo ya kiangazi wageni wanakuja, akaingia kwangu na wanae wakala.

Saa 1 tunaondoka, masaa mawili hivi ziwa likitulia. Ukiangalia milima kwa kulia inavyopita, kuna sehemu imebaki nyasi na mihogo tu, ukifika Gombe msitu unaanza palepale kwenye mpaka. Sokwe mpaka hawaujui na hifadhi yenyewe ni ndogo, kwa hiyo msitu wa vijiji ukiisha nao wamefungiwa. Ndo maana naiheshimu sana kazi ya Tacare, mradi wa taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, tangu 1994, walianza na shida za watu kwanza, miche, maji, mikopo ya akina mama, halafu vijiji vikatenga misitu yao vyenyewe na kuna wanakijiji wanaozunguka kuilinda.

Saa 3 tunashuka Kasekela, ndani ya Gombe. Muongozaji anasoma masharti, barakoa lazima, mita 10 toka kwa sokwe, ukiwapata unakaa nao saa moja basi, mtoto chini ya miaka 15 hapandi. Leo mzee mmoja katika wageni alikuwa anakohoa tangu kwenye boti. Muongozaji akamwambia taratibu, "Mzee wangu, samahani, wewe huko juu hutapanda." Akakasirika, kalipa hela nyingi katoka mbali. Nikamuelewa kabisa lakini muongozaji yuko sahihi, mafua yetu yanawaingia sokwe na yanawaua, magonjwa ndo yanaongoza kwa kuwamaliza pale Gombe. Sokwe wale wamefuatiliwa toka Mama Jane ashuke ufukweni pale Julai 1960, watoto, wajukuu, kila mmoja ana jina, halafu mtu mmoja aje awaachie kikohozi? Nikakaa naye ufukweni, tukala kuhe, nikamuelezea haya yote, mwisho akaniuliza mwenyewe kama wenzake wana barakoa za akiba.

Saa 8 mchana wamerudi wametota jasho, wanaongea wote kwa pamoja, wamemuona mama na mwanae mgongoni wanakula matunda na hawakuwajali kabisa.

Njiani kurudi ndo nawaambiaga lile ninaloliamini. Gombe haihitaji kujazwa watu, msitu wenyewe hautafika hata kilomita za mraba 60, ukileta makundi kwa makundi utawachosha sokwe na magonjwa juu. Kinachotusaidia sisi ni mgeni yuleyule alale Kigoma siku mbili zaidi badala ya kuwahi ndege, aende Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, anunue kahawa ya milimani kwetu, mawese, ale samaki wetu migebuka wa kuchoma mwaloni. Hela inaingia kwa watu wengi na msituni hajaongezeka hata mguu mmoja. Na aliyekula hiyo hela ukimwambia usichome mkaa kule juu anakusikiliza, mwenye njaa utamwambia nini?

Saa 10 na nusu tumetia nanga Kibirizi. Yule mzee wa kikohozi akauliza Ujiji ni mbali, nikamwambia hapo tu, nikampigia dereva wa bajaji awe gesti kesho saa 2 asubuhi.