Mifuko ya rafu ya chini

Leo asubuhi nimeshusha mifuko ya rafu ya chini nifute vumbi, nikaihesabu. Ipo 17. Kila mmoja una jina la mtu na idadi ya madonge ya uzi yaliyobaki ndani. Bado hayajalipiwa, ila simuuzii mtu mwingine.

Nilipofungua duka hili Februari 2024, wiki chache kabla ya Ramadhani, rafu hiyo sikuwa nayo hata kwenye mawazo. Kikoba chetu kilikuwa kimevunjwa Desemba, na fungu langu lilitosha kodi ya fremu ya miezi sita hapa karibu na Soko Kuu la Mtwara, pamoja na safari moja ya Kariakoo. Kule nilinunua kwa macho. Nilibeba nyuzi nene za sufu kwa sababu zilikuwa laini mkononi, nikasahau ninakorudi. Huku jasho linakutoka umekaa kivulini! Sweta zinafumwa, ndiyo, lakini ni za watoto wachanga, au za watu wa Newala, ambako ukungu wa asubuhi mwezi wa saba unamfanya mtu mzima akunje mikono.

Mteja wa kwanza alikuwa babu mmoja wa Mikindani anayeshona kofia za viua. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa kwenye mfuko wa kanzu kofia ambayo haijafika nusu na uzi kidogo aliouzungushia kijiti.

"Mwanangu, nataka mweupe, mwembamba, wa pamba. Pamba kweli."

Nikampa niliouita pamba. Akaomba kiberiti, akakata kipande kama urefu wa kucha, akakichoma juu ya kisahani. Kikajikunja, kikayeyuka, kikaacha punje nyeusi ngumu. Akaisugua kwa kidole, akanisogezea nami niiguse. "Pamba ukiichoma inanuka kama karatasi, halafu jivu lake linapukutika. Hii umeuziwa plastiki." Hakununua kitu siku ile, na alifanya vizuri. Tangu hapo sinunui uzi wa jumla bila kuuchoma kwanza, na sufu pia nimeijua: inanuka nywele zilizoungua. Babu nilimtafutia pamba, akaipata kabla ya Idi.

Kina mama wanaosuka ukili nao wakaja, wakitaka rangi za mikeka na shazia, zile sindano kubwa za kushonea mikeka. Nikaviongeza, na hadi leo vinatoka kuliko uzi.

Sasa hiyo rafu. Imetokana na kosa langu.

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anamfumia binti yake vitambaa vya makochi vya rangi ya maziwa, seti nzima, kwa ajili ya harusi. Kazi ilihitaji madonge 12. Alichukua manne, baadaye mawili, kama tunavyonunua wengi wetu, kadiri mkono unavyopata. Mimi huku nikayauza yaliyobaki kwa watu wengine, nikijua nitaagiza tena. Mapema Mei kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Mama yangu alikumbuka miaka ya kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, masika yakishika, kusini ikawa kama kisiwa. Mzigo wangu ulipofika hatimaye, nilimpa mwalimu sita ya kumalizia. Rangi ileile, namba ileile. Chini ya taa ya dukani sikuona tofauti yoyote.

Alirudi Juni. Akatandaza kitambaa kimoja kwenye benchi la nje, juani, wala hakusema neno. Katikati ya ua kulikuwa na mstari. Juu yake maziwa, chini yake maziwa yaliyodondoshewa chai.

Karatasi inayozunguka donge ina namba mbili. Moja ni ya rangi. Ya pili ni ya fungu, maana kiwandani uzi unatiwa rangi fungu kwa fungu, na kila fungu linatoka tofauti kidogo na lililotangulia. Mimi nilikuwa nasoma ya kwanza tu, na nilikuwa nimeshajiita muuza nyuzi.

Nilimpa madonge 12 ya fungu moja bila malipo, tukakaa pamoja jioni tatu tukifumua. Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja vijiviringo, kama nywele zilizoshinda mwezi kwenye misuko. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuunyoosha: unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali panne usivurugike, unauloweka, kisha unauanika ukiwa umening'iniza kitu kizito kidogo chini. Tulitumia kikombe cha bati. Nyuzi zile baadaye zimekuwa kofia na soksi za watoto wachanga.

Siku hizi mteja akiingia nauliza kwanza anafuma nini, ndipo tuzungumze rangi. Tunapiga hesabu ya madonge, nayatoa yote ya fungu moja, naandika jina, naweka rafu ya chini. Analipia moja moja. Mji huu pesa inafuata korosho, na kuanzia sasa Agosti hadi minada ya Oktoba ni mbali sana kwa mtu mwenye kitambaa nusu. Dada yangu, muuza mchele, ananiambia mtaji wangu umelala. Umelala, hesabu zake ni sahihi. Lakini mimi nimeuona ule mstari juani, na sitaki mama mwingine amalize kazi ya miezi kwa rangi isiyokuwa yake.

Kabla ya adhuhuri ameingia dada mmoja wa Shangani na shilingi 7,000 alizofunga kwenye pindo la kanga. Anafuma shuka ya kitanda, ya bluu ya bahari. Nimemtolea mfuko wake, akachukua madonge mawili, akayapeleka mlangoni kuyalinganisha na kipande alichokuja nacho, akageuza huku na huku. Yamefanana. Amesema yaliyobaki atayafuata mnada ukianza. Nimekata 5, nimeandika 3.