Siku moja maishani mwangu: kukusanya picha za zamani za ukoo, Ngamiani (Tanga mjini) hadi Muheza

Saa 12:30 asubuhi

Begi limepangwa tangu jana usiku. Asubuhi hii nakagua tu. Simu ina nafasi ya gigabaiti 15 na kamera yake imefutwa alama za vidole. Kuna pawabenki, skana bapa ya A4 inayotumia umeme wa kompyuta ndogo ili umeme ukikatika kazi iendelee, kitambaa cheusi kisichong'aa, brashi pana laini, barakoa, uzi wa meno usio na nta, bahasha za karatasi, daftari na penseli ya 4B. Kalamu ya wino haigusi mgongo wa picha: inaacha mkwaruzo unaotokea mbele, na kwenye karatasi za picha zenye utando wa plastiki wino haukauki vizuri, hivyo huhamia kwenye uso wa picha iliyolaliwa juu yake.

Saa 2:00 asubuhi, Ngamiani

Naanza kwa mkubwa kuliko wote, shangazi yake baba. Asubuhi kumbukumbu yake ina nguvu. Tena ukianzia kwa wadogo halafu yeye akasikia, sanduku halifunguliwi. Taarifa alishapewa kwa simu siku kadhaa kabla, apate muda wa kulitoa chini ya kitanda na kuamua zipi zisiguswe. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, sukari na majani ya chai vinapokelewa, na chai inanywewa mpaka mwisho. Mafuta ya vitumbua ni adui wa picha, kwa hiyo baada ya kula mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Vikombe vinaondoka mezani kabla albamu haijafika.

Makubaliano mawili yanawekwa kabla ya picha ya kwanza. La kwanza, hakuna picha itakayotoka ndani ya nyumba hii. Nakala zinachukuliwa hapa hapa mezani. Albamu nyingi za ukoo zilipotea kwa kuazimwa, na mzee aliyewahi kupoteza moja hafungui tena sanduku kwa mtu mwingine. La pili, bibi anasema zipi zinaweza kuonekana na nani. Picha za harusi upande wa wanawake, zilizopigwa ndani bila buibui, zinawekwa kwenye folda yake na hazipelekwi kwenye kundi la familia. Jambo hili halina mjadala.

Saa 3:00

Kila picha inaskaniwa mbele na nyuma. Ya sentimita 9 kwa 13 naichukua kwa nukta 600 kwa inchi. Inatoka na pikseli kama 3,070 kwa 2,126, na faili la TIFF lisilobanwa hufika karibu megabaiti 20. Pasipoti saizi inahitaji nukta 1,200, la sivyo ukiikuza uso unakuwa ukungu mtupu. Mgongo usiuruke. Humo mna muhuri wa studio, tarehe, na katika familia nyingi za pwani maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambayo vijana wa nyumba hawawezi kuyasoma. Yaskani vizuri, msomaji utamtafuta baadaye.

Shida kubwa ni albamu za miaka ya 1970 na 1980 zenye kurasa za gundi zilizofunikwa nailoni. Gundi ile hugeuka njano na kushika karatasi. Ukivuta kona kwa kucha, picha inakunjika na uso wake unapasuka. Fungua nailoni polepole, pitisha uzi wa meno chini ya kona moja, kisha vuta kwa mikono miwili kushoto na kulia kama msumeno, picha ikiwa imelala bapa wakati wote. Uzi ukigoma katikati, acha. Skani ukurasa mzima ulivyo.

Picha zenye ukungu mweupe au wa kijani zinapelekwa uani, nikiwa nimevaa barakoa. Ukungu mbichi usifutwe, unapakaza. Subiri ukauke kivulini, ndipo brashi ipite kwa wepesi kuelekea mbali na wewe. Kitambaa chenye maji ni marufuku. Uso wa picha za zamani ni jelatini, utando mwembamba unaobeba sura, na jelatini iliyoliwa na ukungu huyeyuka ikiguswa na maji, sura ya mtu ikaondoka na kitambaa. Hali hiyo hiyo ya unyevu ndiyo inayogandisha picha pamoja kama kitita. Kitita kilichokauka usikibandue: chukua nakala ya picha ya juu na ya chini, kitie kwenye bahasha ya karatasi, kisubiri mtu mwenye utaalamu.

Saa 5:00, majina

Kwangu hii ndiyo saa yenye thamani kuliko zote. Skana inaweza kurudi mwakani. Bibi huenda asiwepo. Kwa idhini yake narekodi sauti, tukienda mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, nikitaja namba ya picha kwanza ili sauti na faili vikutane baadaye. "Huyu nani?" peke yake haitoshi. Uliza nyumba ni ya nani, nani alisimama nyuma ya kamera, nani hakuwepo siku hiyo na kwa nini. Ukiuliza mwaka utapewa wa kukisia. Uliza kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya vita vya Kagera, mtoto gani alikuwa bado mgongoni.

Picha yenyewe nayo inasema. Bango la chama cha TANU linaiweka kati ya 1954 na mwanzoni mwa 1977. La CCM, chama kilichofuata, haliwezi kuwa kabla ya Februari 5, 1977. Sare ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ni 1963 kuendelea. Bugaluu (suruali pana chini) na viatu vya raizoni (vya soli nene) vinaivuta kwenye miaka ya 1970. Wazee wawili wakipishana jina, andika yote mawili na nani alisema lipi.

Saa 9:00 alasiri, Muheza

Kwa babu mdogo, picha ziko ukutani kwenye fremu. Unyevu hulainisha jelatini, ikashikana na kioo, ikakauka hapo. Ukiibandua, nusu ya uso inabaki kwenye kioo. Ipige kwa simu ikiwa ndani ya kioo chake, karibu na dirisha lisilopigwa na jua, mwanga ukitoka ubavuni, bila flashi. Kitambaa cheusi kinashikiliwa nyuma ya simu ili kioo kisirudishe sura yako. Skana hizi nyembamba hazifai kwa fremu kwa sababu huona sawasawa kile tu kinachogusa kioo chake. Milimita chache juu, kila kitu kinafifia.

Kwenye kopo la biskuti mna mikanda ya negativu, filamu zenye sura iliyogeuzwa rangi. Zikinuka siki zimeanza kuoza, zitengwe na nyingine, na nakala zake zichukuliwe kwanza. Zishike kingo tu. Weka skrini nyeupe ya tableti, inua negativu sentimita chache juu yake ili vinukta vya skrini visionekane, piga, kisha geuza rangi kwenye programu. Negativu ya upana wa sentimita 6 hutoa undani ambao picha iliyochapishwa haikuwahi kuwa nao.

Saa 2:00 usiku

Majina ya faili yanafuata mwaka, mahali, tukio, namba: 1968_Muheza_harusi_014, na mgongo wake 014_nyuma. Mwaka usiojulikana ni 196x. Picha za rangi zilizogeuka nyekundu zinarekebishwa kwenye nakala ya pili tu. Rangi ya samawati-kijani hufifia hata gizani, kwa hiyo nyekundu inabaki imetawala. Skani ya kwanza haiguswi kamwe.

Nakala moja inabaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu anatumiwa ndugu wa mji mwingine. Kwa WhatsApp zitume kama faili, kwa sababu zikienda kama picha zinabanwa na undani unapotea. Kwenye kundi la ukoo naweka zilizoruhusiwa tu, nyuso zisizojulikana zikiwa zimepewa namba, pamoja na swali moja: nani anamfahamu namba 3, aliyesimama nyuma ya kiti?